Mwendo wa Diski na Kicheko cha Mwalimu Anjelina

Juzi nilikwenda kwenye kibanda kimoja karibu na stendi kuhamishiwa mafaili yangu ya zamani kwenye flashi. Kijana wa pale alibonya, akasubiri kidogo, akasonya. "Bibi, samahani, hii flashi yako ni nzito sana." Nikamwuliza nzito kiasi gani. Akasema itachukua kama dakika mbili hivi. Dakika mbili! Nilicheka mpaka miwani ikanishuka puani, naye akaniangalia kwa wasiwasi, akidhani nimepatwa na jambo. Nilitaka kumweleza ninachochekea, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni, na watu wa foleni hawana muda na historia ya bibi. Kwa hiyo nawaandikia nyie wote, wajukuu zangu, mnaosonya mbele ya mashine.

Naitwa Mwajuma. Nimefanya kazi ya kompyuta hapa Singida Mjini tangu nikiwa msichana mpaka macho yalipoanza kuikataa skrini. Nilianzia dukani kwa mjomba wangu Salehe. Baba yake alikuja na nguo kutoka pwani, akaoa Mnyaturu, na habari ya kurudi ikaishia hapo. Mjomba akachukua Kiswahili cha baba yake na ubishi wa kwa mama yake. Biashara ilipofunguliwa, miaka ile ya ruksa, kila mwenye duka alijaribu kila kitu, na mjomba alijaribu kuliko wote. Aliuza kanda za kaseti, akauza baiskeli, akauza mafuta ya nywele. Halafu siku moja akashuka kwenye basi na kompyuta ya mtumba aliyoizungushia godoro ili isitingishike njiani. Godoro nalo aliliuza siku hiyohiyo.

Mwanzoni tulichapa barua za watu na kadi za harusi. Baadaye mjomba akagundua kwamba kila kwaya ya mkoa huu inataka kurekodi, na kila kwaya inakwenda mbali kufanya hivyo. Akageuza stoo ya nyuma kuwa studio. Kuta tulizibandika trei za mayai, na trei Singida hazijawahi kuwa shida, kuku wetu wanajulikana nchi nzima. Mlango tuliutundikia magunia. Kilichotushinda ni upepo. Mnaujua upepo wa mji huu ukianza kutoka upande wa ziwa. Ulipita juu ya mabati ukaingia kwenye kila wimbo, ikabidi tujifunze kuusubiri. Wanakwaya walikaa uani wakila viazi, na upepo ukitulia tu, fundi Haruni aliinua mkono na wote wakakimbilia ndani kabla haujabadili mawazo.

Huyo Haruni ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mnyiramba wa Kiomboi, fundi redio wa zamani aliyehamia kwenye kompyuta bila kubadilisha hata bisibisi. Mimi upande wa mama ni Mnyaturu, kwa hiyo alikuwa na haki ya kunitania kutwa nzima, na hakuipoteza. Nikikosea alisema, "Mtani wangu leo ameamka na akili za mbuzi wake." Alikuwa na desturi ya kuweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini sikioni, afumbe macho. Mteja akiingia alidhani fundi amelala amekaa. Kumbe alikuwa anasikiliza diski inazungukaje, kama pumzi yake ni sawa au inakwaruza. Mpaka leo nikiona bisibisi natamani kuiweka sikioni.

Nataka kwanza niwape kipimo chetu, kwa sababu bila hicho hamtaelewa nilichochekea kibandani. Vitabu hupima mwendo kwa megabaiti ngapi kwa sekunde. Sisi tulipima kwa wimbo. Wimbo wa dakika tano, sauti safi ambayo haijabanwa, ni kama megabaiti hamsini. Sasa chukua flopi, ile diski ya kibapa mliyoiona kwenye picha ya kitufe cha kuhifadhi. Flopi moja inabeba sekunde nane za wimbo huo. Mwimbaji hajavuta hata pumzi ya pili, flopi imejaa. Na hizo sekunde nane inazisoma kwa karibu dakika nzima, huku inaguna.

Ukichoka na flopi, unaunganisha kompyuta mbili kwa kebo. Kulikuwa na kebo nyembamba ya lile tundu dogo la nyuma, tundu la modemu na maus za zamani. Kwa kebo hiyo wimbo mmoja ulikwenda saa nzima na zaidi. Nilikuwa nabandika maharage uani, nachambua mchele, narudi, na upau wa buluu unaoonyesha kazi imefika wapi bado haujavuka nusu ya skrini. Kebo ya tundu la printa ilikuwa na nafuu, kwa vile ilipitisha vipande kadhaa kwa pamoja badala ya kimoja kimoja. Hata hivyo wimbo wa dakika tano ulihama kwa kama dakika kumi. Fikirini hilo. Ungeweza kuuimba wimbo ukaumaliza, ukauanza upya, ukaumaliza tena, ndipo wenyewe ufike upande wa pili wa meza.

Nisiwafiche, niliupenda muda ule. Hakukuwa na la kufanya. Nilikaa na kiti changu mlangoni, kioo cha ziwa kinaonekana kwa mbali kati ya mawe makubwa, na siku nyingine ndege heroe wamejipanga kwenye maji kama kitambaa cha waridi kilichoanikwa. Nilikuwa nawaza wimbo unatembea ndani ya kebo, unapita gizani peke yake, hauna habari unakwenda wapi. Mjomba akipita alinikuta hivyo, anauliza, "Mwajuma, unafanya kazi au unaota?" Nami nilijibu kwamba ninafanya yote mawili.

Ndani ya kompyuta mambo yalikuwa tofauti. Kule diski iliunganishwa kwa kebo bapa, pana kama mkanda wa suruali, ya kijivu, yenye mstari mwekundu pembeni. Mafundi waliiita IDE. Kwa kebo bapa, hata ya zamani, wimbo wetu ulipita kwa sekunde chache tu. Mara ya kwanza nilipoona nilidhani mashine imedanganya, nikaufungua wimbo kuhakikisha, na kumbe upo mzima. Kulikuwa na nyingine nene zaidi, yenye pini nyingi, waliiita skazi. Tuliiona mara moja kwenye mashine iliyotoka ofisi fulani. Ilikwenda vizuri sana hata diski nyingi zikiongea kwa pamoja, ila ilitaka kizibo maalumu mwisho wa mkia wake. Tulikuwa hatuna kizibo, kwa hiyo siku nzima haikuona hata diski moja. Haruni aliifunga akairudisha akisema hiyo ni mashine ya watu wenye stoo kubwa ya vipuri.

Kebo bapa nayo ina tabia zake, shikeni hili hata kama hamtaiona tena. Kebo moja inachukua diski mbili, na ukiweka ya zamani na mpya pamoja, kwenye mashine nyingi za wakati ule ile mpya ilipunguza mwendo kumsubiri mwenzake. Halafu zilikuja kebo bapa zenye nyuzi nyembamba, mara mbili ya nyuzi za kwanza. Mjomba alinunua mashine iliyoandikwa namba kubwa ya mwendo, akatembea nayo mji mzima akiisifia, kumbe kebo iliyokuwa ndani ilikuwa ya nyuzi nene za zamani, na mashine ilijishusha kimyakimya. Ilikaa hivyo muda mrefu sana. Haruni aligundua kwa kupitisha ukucha juu ya kebo, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Mjomba hakuzungumza naye mpaka jioni.

Namba ya kwenye boksi, wajukuu zangu, inakuambia mlango una upana gani. Haikuambii aliye ndani anatembeaje, wala mlango wa pili mbele yake una upana gani. Nilijifunza hili kwa njia iliyoniumiza, na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuwapa.

Kwaya moja ilikuja kutoka Mungaa juu ya lori la vitunguu. Walishuka wamevaa sare za kijani, wananukia vitunguu, wanacheka. Mbele yao alikuwa Mwalimu Anjelina, mwalimu wa shule ya msingi ya kule, mwanamke mwembamba aliyefunga skafu shingoni hata jua likiwa kali. Sauti yake siwezi kuieleza. Ilikuwa sauti ya chini kidogo, isiyo na haraka, na alipoimba hata upepo nilihisi umekaa kusikiliza. Alitaka kazi iende upesi. Kila tulipopumzika alisema, "Jamani, tuendelee." Nilidhani ni ukali wa ualimu.

Tulirekodi kipande kwa kipande: kwanza kinanda, halafu kwaya, halafu sauti yake peke yake juu ya vyote. Wimbo wa mwisho ndio uliokuwa jina la kanda, wimbo wa mama anayemwaga baraka mlangoni kabla ya mtoto kusafiri. Alikuwa katikati ya ubeti wa pili binti yake mdogo, Neema, mtoto wa miaka kama mitatu, alipoponyoka mgongoni kwa shangazi yake na kuanza kuimba na yeye, kwa sauti ya juu, akikosea kila kitu. Mwalimu alijaribu kuendelea. Akashindwa. Akacheka, kicheko kirefu kilichotoka tumboni, halafu akaongea na mtoto kwa Kinyaturu. Mimi nilielewa. Alimwambia, "Neema wangu, subiri kidogo, mama anamaliza, halafu tutakwenda kula karanga mimi na wewe." Kisha akawageukia wenzake: "Jamani turudie, huyu amenishinda." Tukarudia, akaimba vizuri, kazi ikaisha. Kile kipande kilichoharibika tulikiacha kwenye diski, maana desturi ya duka ilikuwa makosa yanakaa mpaka kanda itoke.

Kanda ilichelewa. Umeme ulikatika mara kwa mara, kazi nyingine zikaingia, na nyimbo zikabaki kwenye diski ileile moja. Hatukuwa na nakala. Wakati ule diski ya pili ilikuwa anasa, na mjomba alisema diski ikiwa nzima haihitaji mwenzake.

Kipupwe kilipofika, Mwalimu Anjelina alikuja dukani na mwenyekiti wa kwaya, Mzee Mghenyi, mtu mrefu wa koti jeusi. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu." Midomo yake ilitikisika, nikasikia mnong'ono tu. Nilidhani ananitania, nikacheka. Mzee Mghenyi akaniangalia.

"Alikuwa na uvimbe kooni," akasema. "Ameshatolewa, anaendelea vizuri. Ila sauti ndiyo basi. Madaktari walimwambia mapema kwamba inaweza isirudi."

Hapo nikaielewa ile skafu, na ule upesi wake wote. Alikuja kurekodi akijua. Niliona haya kwa kucheka kwangu, nikataka kumfurahisha palepale, nikaenda kumfungulia wimbo mmoja asikie. Diski ikagonga. Tak, tak, tak. Skrini ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaamka, ikakaa kidogo, ikagonga tena. Mwalimu alisimama nyuma yangu na nilisikia anavyopumua.

Haruni alikuwa kwao Kiomboi, amekwenda kwenye harusi. Kesho yake asubuhi tulikuwa mimi na mjomba, na mjomba hakutaka kusubiri. Alitoa boksi jipya alilolileta kutoka Kariakoo, kasha la kuwekea diski ukaichomeka kwa nje kwenye tundu la USB. Juu ya boksi imeandikwa namba kubwa, mwendo wa ajabu, mara kumi ya kebo zetu. "Hii ndiyo dawa," akasema. "Teknolojia mpya. Tena tunaiweka diski dirishani ipate baridi."

Hilo la baridi lilikuwa sahihi. Diski ile ilikuwa na tabia ya wagonjwa wa aina yake: ikiwa ya baridi inasoma, ikipata joto inagonga na kupotea. Tuliilaza dirishani, upepo wa asubuhi unaipiga, tukaanza kunakili kuingia kwenye diski ya kompyuta ya kuchapia barua. Lakini upau ulitambaa. Kasha lilikuwa la USB mpya, sawa, ila tundu la kompyuta yetu lilikuwa la USB ya kwanza, na hizo mbili zikikutana zinakwenda kwa mwendo wa mzee. Kila wimbo, pamoja na vipande vyake vyote, ulichukua karibu muda wa kuuimba. Nyimbo mbili zikahama, diski ikapata joto, ikapotea. Tukaipumzisha kivulini, ikarudi, ikatoa nyingine mbili. Tukaendelea hivyo, na kila mara pumzi yake ilikuwa fupi zaidi. Jua lilipopanda tulikuwa tumepata nyimbo zote isipokuwa ule wa mwisho kwenye orodha, wimbo wa baraka. Diski haikuonekana tena siku hiyo. Mjomba alikaa chini akaliangalia boksi lake, na mimi nilimwonea huruma ingawa nilikuwa na hasira.

Mwalimu alilala kwa ndugu zake Unyambwa. Asubuhi ya pili alifika mapema, amejifunika khanga mbili kwa ajili ya upepo, Mzee Mghenyi nyuma yake, na Haruni naye anashuka kwenye basi na begi lenye pilau ya harusi. Tulimweleza. Aliweka bisibisi kwenye diski, mpini sikioni, akafumba macho muda mrefu.

"Yupo," akasema. "Ila mmemtembeza mgonjwa kwa miguu wakati gari lilikuwa uani."

Gari alilosema ni kebo bapa. Akanituma nifungue kompyuta yote. Kebo bapa ni fupi, haifiki dirishani, basi Haruni akasema kama diski haiwezi kwenda kwenye baridi, mashine nzima itakwenda. Tulibeba kompyuta mpaka barazani, ubavu wake wazi, ukielekea ziwani upepo unakotoka. Akachomoa kisomeo cha CD ili diski mbovu ipate kebo bapa ya peke yake, isishirikiane na mtu. Diski ilikuwa imelala nje baridini tangu alfajiri. Nilipoishika iliniuma vidole kama maji ya mtungi wa Julai. Watu waliokuwa wanapita kwenda sokoni walisimama kuangalia kompyuta inayoota upepo.

"Sikilizeni," Haruni akasema, na mara moja hakukuwa na utani usoni mwake. "Itaamka mara moja. Kwa kebo hii mwendo ni mzuri, lakini sijui imebaki na pumzi kiasi gani. Kitakachotangulia ndicho nilicho na uhakika nacho. Hata kitu kidogo kikitangulia, kinakula pumzi ya kinachofuata. Tuanze na nini?"

"Wimbo wa baraka, sauti ya Mwalimu," Mzee Mghenyi akasema. "Kuna nini tena cha kuuliza? Ndiyo kanda yenyewe."

Mwalimu Anjelina alinigusa bega. Akaniinamia. "Ile niliyocheka," akanong'ona. "Mnayo?"

Nikasema ipo.

"Ianze hiyo."

Mzee Mghenyi alidhani hakusikia vizuri. Nilipomrudia maneno hayo alitikisa kichwa. "Mwalimu, hicho si wimbo. Ni makosa. Watu wa Mungaa wanausubiri wimbo. Wewe mwenyewe uliuimba ukijua ni mara ya mwisho."

Alimjibu taratibu, ikabidi sote tuinamishe vichwa ili tusikie, hata Haruni. "Kuimba kwangu kwaya nzima mnakujua. Mtawafundisha wengine. Neema ana miaka mitatu, Mzee. Nimeshaanza kusahau mimi mwenyewe nilikuwa namwitaje. Yeye atakumbuka kitu gani?"

Mzee Mghenyi aliangalia viatu vyake. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Haruni akaniambia, "Mtani, futa macho, unahitaji kuona skrini," na akawasha.

Diski ilizunguka. Nilibonya kipande cha kicheko, na upau wa buluu ukavuka skrini kwa mara moja, mkono hata haujatoka kwenye maus. Kimefika. Nikabonya wimbo wa baraka. Upau ukaenda robo, ukaenda nusu, ukasimama. Haruni aliweka kiganja juu ya diski. Ukasogea kidogo tena. Kisha tak, tak, tak, na baada ya hapo sauti ya kitu kinachosimama polepole, na halafu tukasikia upepo tu. Haikuamka tena, siku ile wala siku nyingine yoyote. Programu ya Haruni ilikuwa ya zile zisizotupa kipande kilichokwisha kufika, kwa hiyo tulikuwa na wimbo mpaka mwanzoni mwa ubeti wa tatu. Kila mmoja wetu pale barazani alijua kwamba kile kicheko kilikuwa kimekula sehemu ya ubeti ule. Mzee Mghenyi alijua pia. Hakusema siku hiyo wala sikuwahi kumsikia akisema.

Nilimvalisha Mwalimu spika za masikioni nikamfungulia. Alisimama ameshika nguzo ya baraza. Sisi hatukusikia kitu, tulimwona tu. Mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia, nikasogea kumshika. Kumbe alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka pamoja na nafsi yake, bila sauti, na ile sauti ikiwa masikioni mwake. Alinionyesha kwa kidole kwamba nirudishe mwanzo.

Kwaya ilirudi ikarekodi upya kinanda na sauti zao za wimbo wa baraka, na kanda ikatoka. Kwenye wimbo wa mwisho sauti yake inaimba beti mbili, inaanza ya tatu, halafu inakoma, na kwaya nzima inaupokea kutoka pale ilipokomea. Wapo wanaoamini ilipangwa hivyo. Niliwahi kumsikia mtu sokoni akisifia ufundi huo, nikanunua nyanya zangu nikaondoka.

Kile kicheko nimekihamisha maisha yangu yote ya kazi. Kilitoka kwenye kebo bapa ya nyuzi nene kikaenda kwenye ya nyuzi nyembamba. Kikaingia kwenye CD, kikarudi kwenye diski. Zilipokuja zile kebo nyembamba nyekundu za SATA, ambazo kila diski inapewa ya kwake na hakuna wa kumsubiri mwenzake, nikakihamishia huko, na kilipita kabla sijapepesa. Kikaenda kwenye flashi, kikaenda kwenye simu. Kila mara mwendo ulikuwa mkubwa kuliko uliopita, na kila mara nilikifungua kuhakikisha kimefika. Kufika kinafika haraka sana siku hizi. Kusikiliza bado kunachukua muda uleule. Anaimba, mtoto anaingilia, anacheka, anaahidi karanga, na huwezi kuharakisha hata kidogo. Haruni ametangulia mbele ya haki, mjomba pia, na mimi nikisikiliza naona baraza lote, upepo, na kompyuta iliyofunguliwa ubavu.

Ndicho nilichokuwa nahamisha juzi kule kibandani, pamoja na nyimbo zote za kwaya na vipande vyake. Neema sasa ana mtoto wake, naye aliniomba nakala. Nikapanda gari mpaka Mungaa na flashi kwenye pochi. Mwalimu amestaafu, nywele zimekuwa nyeupe, bado anafunga skafu. Tulikaa uani, Neema akachomeka flashi kwenye redio yake, na kile kicheko kikatoka kikajaa uani mpaka kuku wakageuka. Neema alijifunika uso kwa khanga.

Mjukuu, mtoto wa miaka minne hivi, ambaye maisha yake yote bibi yake amemnong'oneza, aliisogelea redio akaichungulia. Kisha akatuangalia mmoja mmoja.

"Huyu anayecheka ni nani?"

Mwalimu Anjelina alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu, akaushikilia hivyo mpaka mtoto alipomwona.